Betri Iliyobaki Chunguni

Jino la pili la Nishant lilidondokea kwenye kiti cha nyuma cha gari la polisi. La kwanza lilibaki barazani pa duka lake, pamoja na kiatu kimoja na miwani iliyokanyagwa. Inspekta Kabula Ng'wandu alimshikilia kichwa kisigonge mlango, akamwambia Koplo Amon aendeshe bila kujali matuta, na njia nzima hadi hospitali alikuwa na hasira ambayo hakujua aitue wapi. Waliompiga yule mtu aliwajua kwa sura. Wawili kati yao humsalimia kila asubuhi akipita kwenda kazini.

Nishant aliuza vipuri vya simu katika duka la babu yake, mtaa wa nyuma ya soko kuu la Tabora. Saa tatu asubuhi vijana wa mtaa wa Gongoni walimtoa nje kwa kumvuta shati, wakamshughulikia kwa magongo na kipande cha nondo mpaka mbavu zikavunjika. Kosa lake, walisema, ni betri. Jana yake, wakati watu wako msikitini kwa Magharibi, fundi simu Sabiri aliungua hadi kufa ndani ya kibanda chake. Kaka yake, Abbasi, ndiye aliyekuwa wa kwanza kufika, na ndiye aliyetangaza kwamba betri imemlipukia mdogo wake kifuani. Daktari wa zamu aliandika vivyo hivyo, kwa kuwa ndivyo alivyoambiwa na aliyeuleta mwili. Betri za Sabiri zote zilitoka kwa Nishant, na hesabu iliyobaki vijana waliifanya wenyewe.

"Tukishazika tunarudi," mmoja wao alimwambia Kabula, akirudi kinyumenyume mbele ya bunduki ya Amon. "Lile duka linawaka leo."

Maziko yalikuwa saa kumi, baada ya Alasiri. Na ghorofani juu ya duka alikuwa amebaki mama yake Nishant, Bi Kruti, mjane wa miaka sabini mwenye magoti mabovu, amejifungia kwa makomeo matatu. Kabula alipanda kumsihi. Bi Kruti alimjibu kupitia mlangoni, kwa sauti ya mtu anayekataa kuongezewa chai, kwamba aliingia nyumba ile akiwa bibi harusi na hatatolewa na wahuni. Kikosi cha akiba kilikuwa Isikizya kwenye ziara ya mkubwa mmoja na kisingerudi kabla ya jioni. Kabula alipewa askari wanne. Msibani kulikuwa na watu karibu mia tatu.

Kwa hiyo alikuwa na saa sita za kujua kilichomuua Sabiri. Ikiwa si betri, jambo hilo lilitakiwa kusemwa mbele ya watu wale wale, kabla jeneza halijainuliwa.

Kibanda kilikuwa cha mabati, futi nane kwa sita, mlango ukitazama barabara. Majirani waliuzima moto kwa mchanga na ndoo za maji katika muda usiozidi dakika kumi, ndiyo maana kulikuwa bado na kitu cha kutazama. Sabiri alikutwa chali, kichwa upande wa ukuta, mikono imekunjwa kifuani, na betri nne zilizoungua zikiwa juu yake. Amon alizifunga kwenye bahasha jana ile ile. Kabula alimshukuru, jambo ambalo halimtoki kirahisi.

Hapo alikuwa ameshamwita Wenceslaus, mwalimu wa umeme katika chuo kimoja cha ufundi, ambaye jioni hutengeneza simu kwenye kibaraza chake mtaa wa Ng'ambo. Wenceslaus ni mtu ambaye ukimuuliza saa ngapi anakueleza saa inavyoundwa. Siku nyingine Kabula angemkatisha. Leo alimwacha aseme.

Akasema. Zile mafundi huziita lipo, yaani lithiamu polima. Ndani ni tabaka nyembamba za bati na plastiki, zimepangwa moja juu ya nyingine kama chapati kwenye sahani, zimelowa dawa yake, kisha zikafungwa katika mfuko laini wa rangi ya fedha. Hazina gamba la chuma, kwa hiyo ni nyepesi na hukatwa umbo lolote unalotaka: bapa ya kukaa ndani ya simu, punje ya kisikilizio cha sikioni, tofali la ile droni inayorushwa kupima mashamba ya tumbaku. Pawabenki iliyokuwa mfukoni mwa Amon nayo ilikuwa ya namna hiyo hiyo. Amon aliitoa akaitazama, akairudisha mfuko wa mbali zaidi. Ubaya wake, Wenceslaus aliendelea, umo katika ulaini ule ule. Ukiitoboa, ukiikunja, ukiichaji kupita kiasi, inavimba, na tabaka zikigusana inawaka yenyewe kwa sekunde chache, na moshi wake unakaba koo.

Kabula aliuliza kama moto huo unaweza kuua. Wenceslaus alisema unaweza kuteketeza nyumba na kukata vidole vya mtu. Lakini mtu mzima, mwenye nguvu zake, afe papo hapo asifike hata kwenye mlango ulio wazi hatua mbili mbele yake, hilo hajawahi kulisikia.

Akazimwaga zile betri nne juu ya gazeti, akazigeuza kwa bisibisi, na mara akaacha kusimulia.

"Hizi hazikulipuka, afande," alisema. "Hizi zimechomwa."

Akamwonyesha. Betri inayowaka kutokea ndani huupasua mfuko na kutapika matumbo yake. Hizi zilikuwa nyeusi kwa nje tu, na alipoipasua moja kwa wembe, tabaka zilikuwa zimelala kwa mpangilio kama zilivyotoka kiwandani. Tena kila betri huwa na vibati viwili vidogo vinavyotokeza kichwani, ambavyo umeme hupitia. Katika zote nne kibati kimoja kilikuwa hakipo. Si kwamba kilivunjika, kilikuwa kimeliwa, kingo zake zimemomonyoka.

Wenceslaus alizunguka nyuma ya kibanda na kurudi na beseni la bluu lenye maji kidogo. Alichovya kidole, akaonja, akatema. Chumvi. Fundi mwangalifu, alieleza, betri iliyovimba au iliyokwisha kazi haitupi hivi hivi jalalani ambako watoto wa watu wanaokota. Huiloweka kwenye maji ya chumvi wiki nzima au mbili, hadi umeme uliobaki uishe wote, na chumvi ndiyo inayokula kile kibati.

"Ikitoka humo haiwaki hata ukiibembeleza. Ni jiko lisilo na mkaa."

Kabula alichuchumaa mahali Sabiri alipolala. Saruji iliungua kwa mkondo, kutoka mlangoni hadi ukutani, jinsi petroli inavyotiririka. Asubuhi Amon alikuwa amemletea habari kwamba Nishant na marehemu walizozana juzi mbele ya watu kuhusu betri mbovu zilizorudishwa, na Kabula aliiandika, maana mtu aliyepigwa anaweza pia kuwa mkosaji. Sasa aliifuta. Aliyemuua Sabiri aliokota betri zilizovimba kutoka beseni akidhani kila betri iliyovimba ni bomu. Muuza betri hawezi kukosea hivyo, wala fundi simu yeyote. Huyu alikuwa mtu wa kazi nyingine.

Amon ndiye aliyekiona chungu, au niseme alikipiga teke. Kilikuwa pembeni chini ya meza iliyoungua, chungu cha kawaida cha kupikia maharage, kimefunikwa kigae, na waya mbili zilizoyeyuka ziliingia mdomoni mwake. Wenceslaus alitabasamu kwa mara ya kwanza. Sabiri, alisema, betri asiyoiamini alikuwa anaichajia humo, ndani ya mchanga mkavu, ili ikifanya vituko ifie chunguni. Alifukua mchanga kwa vidole na kutoa betri moja ya simu, nzima kabisa. Juu yake ilibandikwa karatasi ya gundi yenye mwandiko safi wa marehemu: Kaka Abbasi. Kuiamsha.

Kuamsha nako kulihitaji maelezo. Betri ikikaa muda mrefu bila chaji hata kidogo, inalala usingizi mzito, na chaja ya kawaida inaikataa. Fundi huitoa kwenye simu, akailisha umeme mdogo mdogo huku anaichunga, mpaka izinduke. Inaweza kuchukua siku nzima, na muda huo simu yenyewe inakaa mezani haina kitu tumboni.

Wenceslaus aligeuza betri upande wa pili. Akaisogeza mwangani, akaisoma tena. Kwa chini, kwa kalamu nzito ya bluu, paliandikwa W 212.

"Hii niliiweka mimi," alisema.

Ni desturi ya mafundi wote wa mji ule. Kila betri anayoipachika fundi huipa alama yake na namba, na namba anaiandika daftarini pamoja na jina la mteja, ili mtu asije baada ya mwezi na betri ya fundi mwingine akadai dhamana. Na mia mbili kumi na mbili Wenceslaus hakuhitaji daftari kuikumbuka, kwa sababu jana asubuhi Sabiri alimpigia simu kumuuliza ni ya nani.

"Nilimwambia ya marehemu Ezekia. Yule wa bodaboda."

Ezekia aliokotwa na Kabula mwenyewe wiki tano zilizopita, mtaroni mbele ya kijiji cha Kwihara, kwenye barabara ya vumbi inayoifuata njia ya zamani ya misafara ya Ujiji. Koo lilikatwa mpaka kwenye mfupa. Pikipiki haikuonekana tena na simu haikuwahi kupatikana hewani. Jalada lake lilikuwa bado juu ya meza ya Kabula, na mke wa Ezekia alikuwa akija kila Jumatatu kukaa kwenye benchi bila kuuliza kitu.

"Mbona hukuja kutuambia?"

"Aliniomba nimwachie kwanza. Alisema anataka kuzungumza na ndugu yake." Wenceslaus alikaa juu ya jiwe. "Nikaona ni mambo ya familia."

Abbasi alikuwa fundi pikipiki. Kabula hakulisema hilo, na Amon hakuwa na haja ya kukumbushwa. Palikuwa na petroli ya kutosha katika gereji yake kuchoma vibanda ishirini, na spana za kila ukubwa. Alimuua mdogo wake, akachukua simu mezani, akaondoka na gamba tupu, na betri akaiacha inachajiwa chunguni, kwa sababu hakujua kwamba fundi hutenganisha betri na simu.

Amon alitaka wakamkamate palepale. Kabula alikataa. Betri ilieleza simu ilipita mikononi mwa nani. Haikueleza nani alimuua Sabiri, na Abbasi angeweza kusema aliinunua kwa mpita njia kisha akarudi kupokea rambirambi. Kilichobaki kilikuwa kwenye mwili, na mwili ulikuwa umeshavishwa sanda.

Mzee Kapilima, mwosha maiti wa Gongoni kwa miaka thelathini, alikuwa nyumbani kwake anabadilisha kanzu kwa ajili ya swala. Kabula alimpa shikamoo, akaitikiwa marahaba, akakaribishwa mkekani. Alipotaja jina la Sabiri, uso wa mzee ulijifunga. Mwosha maiti ana amana yake. Anachokiona juu ya mwili wa marehemu anakwenda nacho kaburini, hata kama ni chunusi, na Kapilima hakuwahi kuivunja, si kwa polisi wala kwa mkewe.

Kabula aliliheshimu hilo na lilimuudhi pia. Saa ya ukutani ilisema saa nane kasoro.

"Mzee wangu, sikuulizi ulichokiona," alisema. "Nakuuliza ulichozuiwa kukiona."

Kapilima alifunga na kufungua kifungo kimoja cha kanzu. Hatimaye akasema kwamba hakumwosha. Alimtayamamisha kwa vumbi, kama inavyofanywa kwa mwili ulioungua kiasi kwamba maji yatauchana. Ila Sabiri hakuungua hivyo. Kifua na mikono, ndiyo. Mgongo ulikuwa mzima, ngozi ya mtu aliyelala. Yeye alishatayarisha maji. Abbasi akasema hapana, tayamamu inatosha, na yeye ndiye kaka mkubwa.

"Na kichwa?"

"Kichwa nilikikuta kimefungwa kitambaa tayari. Amekifunga mwenyewe. Akaniambia nisikifungue, uso umeharibika." Mzee aliinua macho. "Binti yangu, nimeshawaosha waliogongwa na treni. Hakuna mtu aliyewahi kunikinga na uso."

Nyumba ya msiba ilijaa hadi barabarani. Turubai, mikeka, masufuria ya pilau, na pembeni, wameegemea ukuta, wale vijana wa asubuhi. Madumu mawili ya petroli yalikuwa miguuni mwao na hawakujisumbua kuyaficha. Abbasi alikaa mbele, pande la mtu mwenye mikono yenye weusi wa grisi usiotoka kwa sabuni, anapokea mikono ya watu na kufuta macho. Watu walimpenda. Kabula mwenyewe alishatengenezewa pikipiki na yeye, na ilitengemaa.

Alimpa imamu karatasi ya hakimu, aliyoipitia mahakamani njiani, iliyozuia maziko. Manung'uniko yalianza nyuma na kuja mbele. Kabula alisema kwa sauti ya kusikika kwamba anaomba jambo dogo tu: Mzee Kapilima aingie na wazee wawili, afungue kitambaa cha kichwani, kisha atoke aseme kama maziko yaendelee. Yeye hatatia mguu chumbani. Abbasi alisimama kupinga, akasema ni kumdhalilisha maiti. Imamu aliisoma karatasi mara ya pili na kumpisha Kapilima njia.

Walikaa ndani kwa muda wa kuchemsha chai. Kapilima alipotoka alikuwa ameshika kitambaa, na kile kitambaa kilikuwa kimekaukiwa na damu. Hakueleza alichokiona. Aliilinda amana yake hata pale.

"Huyu hakuuawa na betri," alisema. "Mrudisheni hospitali."

Kabula alimgeukia Abbasi, akaiinua ile betri juu ili watu waione, akaisoma ile karatasi ya gundi, kisha akasoma namba iliyo chini na jina la mwenye namba. Jina la Ezekia lilipotajwa, pale mikekani mtu alilia. Abbasi aliangalia betri kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeona kitu alichokwisha kukizika, kisha akanyoosha mkono nyuma yake ambako majembe ya kaburi yalikuwa yamesimamishwa.

Pigo la kwanza Amon alilipokea kwa mkono, na mfupa wake ulisikika. La pili lilikuwa la Kabula. Aliinama, ubapa wa jembe ukamparua sikio, akaingia ndani ya urefu wa mpini na kumpiga Abbasi kitako cha bastola kwenye shavu, mara moja, mara mbili, mpaka magoti ya lile pande la mtu yakakubali. Alimlaza kifudifudi kwenye pilau iliyomwagika na kumfunga pingu. Damu ya sikio ilimtiririka shingoni, na moyoni, hebu tuseme ukweli, alitamani kumpiga tena.

Jiwe la kwanza lilimpata Abbasi mdomoni, la pili likampata Kabula begani. Alipoinua kichwa aliona vijana wameacha ukuta, na dumu moja lilikuwa limefunguliwa. Hakufikiri. Alijilaza juu ya Abbasi, mgongo wake kwa watu, na baridi ya petroli ikampitia miguuni.

"Tuachie huyo, afande." Alikuwa kijana yule yule aliyeahidi kuchoma duka, na sasa alikuwa analia. "Huyu ndiye. Huyu ni hakika."

"Hata asubuhi mlikuwa na hakika," Kabula alisema.

Kijana alisimama na kiberiti mkononi, hakuwasha wala hakukitupa. Hapo mlango wa uani ulifunguka na akatoka Bibi Asmahani, mama yao wote wawili, amejifunga kaniki, ndoo ya maji mkononi. Wanawake walijaribu kumrudisha, akawaondoa mikono yao mmoja mmoja. Alikuwa amesikia kila kitu. Ukuta wa nyumba ile ni wa udongo, hauzuii neno.

Alitembea hadi kwa yule kijana na kumnyang'anya kiberiti bila kumgombeza.

"Nina kaburi moja leo," aliwaambia wote. "Msinichimbishe la pili."

Mawe yalianza kudondoka chini, moja hapa, moja pale. Askari wawili walimnyanyua Abbasi, mdomo wake umepasuka, akamwita mama yake kwa jina la utotoni wanaloitana ndani. Bibi Asmahani hakugeuka. Alimsogezea Mzee Kapilima ndoo, akamwomba amwoshe mwanawe sasa kwa maji, kama watu wengine wanavyooshwa.

Kapilima alimtazama Kabula. Kabula angetoa mshahara wa mwaka ili neno hilo liwe la mtu mwingine kulisema. Alipiga goti kwenye matope ya petroli, akamwambia yule mama kwamba Sabiri hawezi kuguswa, kwamba lazima arudi kwa daktari kwanza, na kwamba maji yale yangeondoa ushahidi utakaomfunga aliyemuua. Alimwambia ni kesho, labda kesho kutwa.

"Aliyemuua," Bibi Asmahani alirudia polepole, akimwona mwanawe mkubwa anapandishwa garini.

Kisha akaketi chini kando ya ndoo, akaifunika kwa upande wa kaniki yake maji yasiingie vumbi, na kusema atasubiri.